Kimya cha Mzunguko wa Nne

"Mlete Jumamosi," Baba aliniambia. "Saa nne asubuhi. Na mashine yake."

Hakusema mwambie aje tuzungumze. Hakusema mkaribishe mgeni wako. Alisema mlete, kama mtu anayedai mbao zilizokatwa vibaya zirudishwe kiwandani, kisha akainamia randa yake na kuendelea kulainisha mlango wa mteja. Nilibaki nimesimama na kikombe chake kitupu mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki mbili kunisemesha zaidi ya salamu, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee, jamani. Hana mwingine wa kumnunia.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hasira za Baba haziji bure.

Baba ni seremala wa milango na madirisha. Hiyo ndiyo kazi iliyonisomesha. Lakini ukimuulizia mtaani kwa useremala watu watafikiria kwanza. Muulizie kama mzee wa marimba, mtoto wa miaka mitano atakupeleka mpaka mlangoni. Ana marimba ya vibao kumi na vinne aliyoichonga mwenyewe, anaipiga kwa fimbo mbili zenye vichwa vya mpira, na kwa miaka thelathini yeye na Mama walialikwa kwenye harusi za watu hata wasiowajua. Wimbo mmoja ndio uliowapa sifa. Marimba inaita mizunguko minne, kisha inanyamaza kabisa. Hapo ndipo Mama alipojibu, peke yake, bila chombo: "Nipo njiani, usifunge mlango." Wachezaji walisimama mguu juu wakimngoja amalize, na yeye kwa utundu wake alilivuta lile neno "mlango" mpaka watu wanapiga kelele, "Tuachie, mama, tuachie!" Akiwaachia tu, marimba inaingia na vumbi linatimka.

Mama alifariki miaka minne iliyopita. Baba hakuacha kupiga. Kila Jumapili alasiri anakaa karakanani, anapiga mizunguko minne, ananyamaza, anangoja, halafu anaingia tena. Na mimi kila Jumapili alasiri nachukua kikapu naenda sokoni, hata kama nyumbani hakijapungua kitunguu kimoja.

Sasa, Mitambo. Hilo ni jina la mtaani, na yeye mwenyewe ameshalizoea kuliko la kuzaliwa. Anatengeneza muziki wa kuchezea kumbini kwa kompyuta, ule wa besi inayotingisha vioo. Tulikutana kazini kwangu. Mimi napima usikivu kliniki: mgonjwa anaingia kwenye kijumba kisichopitisha sauti, namvalisha spika za masikioni, namletea mlio mdogo kisha mdogo zaidi, na kutwa nzima nauliza swali moja tu, "Umesikia?" Ndiyo maana Shangazi ananiita Masikio. Mitambo alikuja akilalamika kwamba sikio la kushoto linamlilia. Nilimwambia apunguze sauti ya muziki, yeye akaniambia nipunguze ukali. Tangu siku ile hakuna aliyepunguza kitu.

Ni yeye aliyetaka kuoanisha marimba ya Baba na midundo ya mashine zake. Baba alikubali kwa ajili yangu, maana Mitambo alishaomba kunioa na Baba alisema atatoa jibu mwisho wa mwezi. Walirekodi alasiri tatu karakanani, kisha Mitambo akaenda kuunganisha wimbo studio kwake, nami nikamsindikiza. Wimbo ulipotoka ukashika kama moto wa nyasi kavu, saluni wanaupiga, kwenye mazoezi ya viungo wanaupiga, simu za watu zinaita kwa mikono ya baba yangu. Mwenyewe aliusikia kwa mara ya kwanza kwenye harusi ya binti wa jirani. Nilikuwa nimekaa naye. Alianza vizuri kabisa, kichwa kinatikisika, kiatu kinagonga sakafu. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha besi ikaingia kwa kishindo na marimba ikaendelea moja kwa moja, bila kimya, bila kungoja. Ukumbi mzima ukashangilia. Baba akasimama, akachukua kofia yake, akarudi nyumbani kwa miguu na vile viatu vipya vinavyombana.

Pa Mama palikuwa pamezibwa.

*

Jumamosi Mitambo alifika saa nne kasoro kumi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, begi la mashine begani. Nilimvutia pembeni kabla hajaingia.

"Leo namwambia," nikamnong'oneza.

"Humwambii kitu."

"Mitambo, wewe uliniuliza. Ulisimamisha wimbo ukaniuliza, hapa kuna kimya, nikiache? Mimi ndiye niliyekujibu uzibe, mzee anapumzisha mikono. Ni maneno ya kinywa changu."

"Na mimi ndiye niliyebonyeza. Ulikuwa umechoka siku ile, ulisahau, basi." Alinishika vidole viwili tu, maana dirisha la karakana lilikuwa wazi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nisikilize. Akinichukia mimi, amemchukia mtu baki, atapona. Akikuchukia wewe atavunjika. Niachie hili."

"Ukilibeba hili hutanioa."

Alinitazama tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuondoka na kitu mfukoni. Nilijua alishakubali kunikosa kabla hajavuka kizingiti.

"Mmeshamaliza kuagana huko nje?" Sauti ya Shangazi ilitoka ndani. "Au niwaletee na magodoro?"

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Hajawahi kumpenda Mitambo. Kwanza, anasema, mwanamume anayefanya kazi amekaa kuanzia asubuhi mpaka jioni huota nyonga kama mama mja mzito. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao karibu na mlango, mkoba mapajani, miguu imefungana, tayari kwa hukumu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alijibu Shangazi peke yake.

Baba alikuwa nyuma ya marimba. Alikuwa amefagia karakana, jambo ambalo hafanyi hata wakija wateja wakubwa. Aliionyesha meza ya kazi kwa kidevu. "Weka hapo. Washa. Piga huo wimbo wako, taratibu, nisikie."

Mitambo akafungua kompyuta, akachomeka spika ndogo, akapanga mbele yake kile kisanduku chake chenye vitufe vya mraba. Marimba ikaanza, na mdundo ukaja chini yake. Naapa ulikuwa mzuri. Hata siku ile, mguu wangu ulitaka kwenda. Baba alisikiliza macho yakiwa sakafuni. Mzunguko wa nne ulipoisha alinyanyua mkono.

"Simamisha. Rudisha nyuma. Hapo. Hapo palikuwa na nini?"

"Kimya, mzee."

"Urefu gani?"

"Sekunde sita. Mahali pengine saba."

"Na wewe ukakitupa."

"Nilikizi… nilikiziba, mzee. Nilidhani unapumzisha mikono."

"Ulimuuliza mtu?"

Sikuweza kuangalia juu. Nilimsikia Mitambo akivuta pumzi. "Sikumuuliza mtu. Ni kosa langu peke yangu. Nisamehe."

"Haya sasa!" Shangazi akapiga paja. "Si nilisema? Si nilisema mimi? Kitu cha watu hukigusi bila kuuliza. Umekaa hapa siku tatu, unakula, unakunywa, unachekeana na mtoto wetu, na kinywa cha kuuliza swali moja huna!"

"Dada, tulia." Baba hakupandisha sauti. Ndivyo alivyo, akikasirika sana anazidi kuwa mpole, na hapo ndipo pa kuogopa. "Bwana mdogo, sina ugomvi na mashine yako. Watu wakicheza na mimi nafurahi, siku hizi mikono yangu haifiki kote. Nimekaa wiki mbili najiuliza kitu kimoja tu. Mke wangu alikuwa anasema pale, usifunge mlango. Miaka thelathini, usifunge mlango. Wewe umekuja siku tatu, umeufunga. Sasa nikupe binti yangu vipi? Mtu asiyemsikia mke wangu hawezi kuoa mwanangu. Jibu langu ndilo hilo. Sikutaka kukungojesha hadi mwisho wa mwezi."

"Nimekuelewa, mzee," Mitambo akasema. Akaanza kukunja waya wa spika. Aliukunja vizuri, mviringo juu ya mviringo.

Ule waya ndio ulionishinda.

"Baba, aliniuliza."

Hakuna aliyenisikia, au walijifanya. Nikasema tena, kwa nguvu. "Aliniuliza mimi. Alisimamisha wimbo akaniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia azibe."

"Masikio, nyamaza," Mitambo akasema haraka. "Mzee, ananitetea tu, hakukumbuka, alikuwa amechoka…"

"Sikuwa nimechoka!" Sasa nilikuwa nalia na kufoka kwa pamoja. "Na sikusahau. Na wewe nilikudanganya. Baba, unafikiri hatukusikia. Mimi nilisikia. Nilisikia vizuri sana. Kila Jumapili ukiokota fimbo nakimbilia sokoni, umewahi kujiuliza nanunua nini? Sinunui chochote! Nakaa pale kwa muuza viazi mpaka nijue umemaliza. Maana ukinyamaza pale, mimi siwezi kupumua. Namngoja ajibu, hajibu. Siku ile studio nilikuwa nimefungiwa mlango, sina kikapu, sina pa kukimbilia. Akauliza, nikiache? Nikasema ziba. Nilitaka pazibwe, Baba. Nilitaka paishe."

Shangazi alikuwa amefungua mdomo, akaufunga bila kutoa neno, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu.

Mitambo alikuwa ameshika ule waya. "Uliniambia anapumzisha mikono," akasema polepole.

"Nilijua si kweli."

"Wiki mbili nimejilaumu kuwa sina masikio."

"Najua. Nisamehe."

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa, ni kama mtu aliyepigwa na bado anatafuta pameuma wapi. Ningeona heri anitukane. Baba naye alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, na nikaona jinsi alivyozeeka, na kwamba sikuwa nimemtazama usoni tangu msiba.

"Kumbe ulikuwa unaenda sokoni," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Baba."

"Nilidhani umeuchukia wimbo."

"Sikuuchukia."

"Mimi pia siwezi kupumua pale," Baba akasema. "Ulidhani mimi naweza?"

Shangazi akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akanirushia bila kunitazama. "Futa pua," akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miaka minne mtoto anaficha kidonda na mimi namsema tu kwamba anapenda soko."

Baba akaokota fimbo zake. "Kunjua huo waya," akamwambia Mitambo.

"Mzee?"

"Kunjua. Weka mdundo wako peke yake, bila mikono yangu. Nitapiga mwenyewe, tuone."

*

Mara ya kwanza iliharibika mara moja. Baba alipiga mizunguko minne juu ya ule mdundo, wa nne ulipoisha Mitambo akaukata, na pakawa kimya. Nilishikilia meza. Baada ya sekunde sita kamili Mitambo akabonyeza, besi ikarudi, na Baba alikuwa bado hajainua fimbo.

"Umehesabu," Baba akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Usihesabu. Tena."

Mara ya pili alingoja zaidi. Baba aliingia, Mitambo akamfuata nyuma kwa mbio, vikagongana. "Umehesabu tena," Baba akasema. "Umeongeza tu."

"Mzee, niambie basi. Niingie lini?"

"Akimaliza."

Mitambo akaangalia vitufe vyake. Vilikuwa kumi na sita, vyenye taa, na hakuna hata kimoja kilichoweza kumsaidia. Niliona jasho limelowesha ile kola iliyopigwa pasi. Wakati wowote alikuwa na haki ya kuchukua begi lake na kusema, familia hii mmenichosha, mmoja ananidanganya na mwingine ananipa mtihani usio na majibu. Badala yake aligeuka, akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nilipoungama, na bado kulikuwa na maumivu ndani ya macho yake. Hakuyaficha.

"Alikuwa anasema nini pale?" akaniuliza. "Maneno yenyewe. Na aliyavuta wapi?"

"Nipo njiani, usifunge mlango. Anavuta mwisho."

"Unaweza kuyasema kama yeye?"

"Siwezi kuimba. Nikijaribu nitalia."

"Usiimbe. Wale wagonjwa wako wasiosikia kabisa, si huwa wanakusoma midomo? Sema kwa midomo tu. Nitakutazama."

Nikamwangalia Baba. Baba alikuwa anaangalia vibao vyake. Akaanza.

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Mdundo wa Mitambo ulitembea chini ya marimba kwa adabu, kama mtu mwenye viatu vizito anayepita chumba cha mgonjwa. Wa tatu. Kikapu changu kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari karibu na mlango na nilikiona, naapa nilikiona. Wa nne.

Kimya.

Nilifungua midomo. Nipo njiani. Sauti haikutoka, ila ulimi wangu uliyajua yale maneno kama unavyojua meno yake. Usifunge. Mitambo alikuwa ameinama mbele, kidole juu ya kitufe, macho yake yapo kwenye midomo yangu, hayapepesi. Hakuna mwanamume aliyewahi kunitazama hivyo, na si kwa tamaa, ingawa sisemi haikuwepo. Alinitazama kama uhai wake unategemea herufi yangu ijayo. Mla. Nikavuta. Nikavuta kama Mama alivyovuta, kwa utundu, nikamsikia Shangazi nyuma yangu akisema kwa sauti ndogo iliyokatika, "Tuachie, wifi, tuachie." Nikavuta tena kidogo. Halafu nikasema ngo, nikafumba mdomo.

Kidole kilishuka. Fimbo za Baba zilishuka. Besi na marimba viliingia kwa pamoja, sawia, na vioo vya madirisha yanayosubiri wateja vikatetemeka ukutani. Nilipumua.

Baba alipiga mpaka mwisho. Kisha akaziweka fimbo chini, moja kando ya nyingine, akamgeukia Mitambo.

"Umemsikia?"

Swali langu. Nimeliuliza mara elfu, na najua watu wanavyolijibu. Wengi husema ndiyo hata kama hawakusikia kitu, kwa woga, kwa aibu, kwa kutaka kumfurahisha anayeuliza. Huwa nawaona kwenye kope. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo asiseme ndiyo.

"Hapana, mzee," Mitambo akasema. "Sikumsikia. Nilimtazama binti yako mpaka alipofumba mdomo."

Baba akajifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la mbao, ukabaki mstari mweupe kutoka jichoni hadi shavuni.

"Hata mimi sikuwa namsikiliza," akasema. "Miaka thelathini. Ukisikiliza unachelewa. Nilikuwa namtazama mdomo."

Shangazi akainuka, akakung'uta sketi yake kwa nguvu kuliko vumbi lililokuwepo. "Haya, yameisha. Na huo wimbo wenye kasoro utaurudia, kijana, umenielewa? Wote, upya, na wifi yangu awe na nafasi yake. Watu wakisimama katikati wakashangaa, washangae."

"Hawatashangaa, shangazi," Mitambo akasema. "Kumbini besi ikikatika ndipo wanaponyanyua mikono. Wanajua itarudi." Akatazama kitufe chake. "Ila sikuwahi kuwangojesha hivi."

"Watazoea," Baba akasema. "Wenzao walizoea." Akainuka, akachukua randa, akarudi kwenye mlango wa mteja kana kwamba asubuhi nzima ilikuwa mapumziko ya chai. Akapitisha mara moja, mara mbili. "Mama yako yuko mjini?"

"Yupo, mzee."

"Mwambie aje wiki ijayo tufahamiane. Mwisho wa mwezi mbali."

Mitambo alinitazama mimi, na ile sehemu iliyouma ilikuwa bado ipo, nami nilijua kuna mazungumzo yananingoja, marefu, ya sisi wawili tu, na kwamba nitayasema yote. Nilimshika mkono mzima safari hii. Dirisha lilikuwa wazi na Shangazi alikuwa anatuangalia, na sikujali.

Baba hakuinua kichwa. "Masikio."

"Bee, Baba."

"Kesho Jumapili. Usiende sokoni."

"Siendi, Baba," nikasema.